Dawa ya kaunta ilitoka wapi? Uzi wa ndimu, miwa na asali

Mchi na Ndimu ameandika:

Salaam wakuu. Uzi huu nimeuahidi tangu Ramadhani kaunta ilipokuwa imelala. Leo mvua imenifungia ndani huku Kisauni, basi niandike mpaka betri iishe.

Kisa kilianza kwa ubishi. Jamaa wawili wamekaa mbele yangu, mmoja mgeni wa Nairobi, mwingine wetu wa hapahapa. Wote wanakunywa dawa. Nasema dawa ile ya gilasi fupi, ya vodka, ndimu, asali na kijiti, si ya duka la dawa. Wa Nairobi akashikilia kwamba iliundwa na wakoloni Waingereza kujikinga na malaria. Wetu akasema ala, hiki ni kinywaji cha kale cha Waswahili, mabibi zetu wakikijua. Nikanyamaza maana bili zilikuwa hazijalipwa. Lakini wakuu, mabibi zetu wapi na vodka wapi?

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka kumi na minne, Nyali, Diani kidogo, halafu Nyali tena. Nitawapa nilichokusanya. Asiyependa virefu aruke kwenye majibu, vita huwa huko.

Tuanze na gilasi yenyewe. Chukua ndimu mbili za kwetu, zile ndogo zenye kokwa. Zibingirishe kwa kiganja juu ya kaunta mpaka uzisikie zimelegea. Kata vipande, toa ule uti mweupe wa katikati, huo ndio wenye uchungu. Tia gilasini pamoja na maganda, kijiko cha sukari, kisha uponde kwa mchi. Na kuponda si kutwanga kisamvu! Unakandamiza, unazungusha kiwiko nusu, unaachia. Unachotafuta ni yale mafuta ya ganda, yale yanayokurukia jichoni ukimenya. Ukilichana ganda umeharibu, gilasi nzima itakuwa chungu na hakuna asali itakayoiokoa. Halafu barafu iliyovunjwa, toti mbili za vodka, na kijiti kilichoviringishwa asali.

Hapo kwenye kijiti ndipo penye akili. Asali ikikutana na barafu hukaza, hunata kama ulimbo. Ukiimimina tu inatuama chini, mtu anakunywa ukali mtupu, mwisho anaramba asali tupu. Kijiti kinampa mnywaji usukani. Anayetaka tamu akoroge, anayetaka kali akiache kisimame. Nimeona watu wakigombana mezani kwa sababu mmoja amemkorogea mwenzake bila kuulizwa.

Sasa toa asali na kijiti, ongeza sukari. Toa vodka, tia kachasa, pombe kali ya Brazil inayokenekwa kutoka kwa maji ya miwa. Hiyo ni caipirinha, tamka kaipirinya, kinywaji cha taifa zima la Brazil. Mama wa dawa ndiye huyo. Kwa jina hili la dawa, kilivuma kutoka mkahawa wa Carnivore kule Langata, Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980. Pale alikuwepo mhudumu akipita meza hadi meza na trei yake ya ndimu na asali, wageni wakimwita Daktari Dawa. Kutoka Nairobi kikateremka na watalii hadi mahoteli ya Pwani. Kwa hiyo si wakoloni, na si mabibi.

Naendelea chini, msichangie kwanza.

Tuktuk ya Bamburi: Nimeketi mbele na mahamri yangu. Endelea.

Mchi na Ndimu:

Brazil sasa. Neno caipira ni mtu wa bara, wa shamba, hasa wa jimbo la São Paulo. Kaipirinya ni kama kusema "kashamba". Miwa ilifika huko na Wareno karne ya 16, na waliokata miwa ile na kuisaga walikuwa Waafrika waliotiwa utumwani, wengi wa Angola, na baadaye wengine wa Msumbiji, jirani zetu kabisa. Kachasa ilizaliwa kwenye vinu hivyo vya sukari. Neno lenyewe limerudi Afrika: Malawi na Zambia pombe ya kukeneka ya kienyeji huitwa kachasu. Mlevi wa Lilongwe anatamka Kireno na hajui.

Sehemu ninayoipenda ni hii. Wabrazil wengi husimulia kwamba kaipirinya ilianza kama dawa. Ile homa kuu ya mafua ya mwaka 1918 ilipopiga São Paulo, watu walichanganya kachasa, ndimu, kitunguu saumu na asali. Ugonjwa ulipokwisha, kitunguu saumu kikatolewa, asali ikapisha sukari, na barafu ikaingia. Wengine wanarudi nyuma zaidi, kwenye waraka wa mwaka 1856 kutoka mji wa bandari wa Paraty, wakati wa kipindupindu, ambao unataja pombe ya miwa ikichanganywa na maji, sukari na ndimu ili watu wasinywe maji matupu.

Mmeona lakini? Kule kilikuwa dawa yenye asali. Asali ikatolewa, jina la dawa likasahauliwa, kikawa kinywaji cha ufukweni. Kikavuka bahari hadi Nairobi, na huko mtu akairudisha asali na kukiita Dawa. Sidhani aliyefanya hivyo alikuwa anawaza mafua ya São Paulo. Alikuwa Mkenya tu, na Mkenya ukimwekea ndimu na asali mahali pamoja, neno linalomjia ni moja.

Nasikia mwaka 2003 serikali ya Brazil ilikiandikia kaipirinya amri rasmi: lazima kachasa, ndimu na sukari, kileo kati ya asilimia 15 na 36. Ukitia vodka kule wanakwambia hiyo ni kaipiroska, na wanakutazama kwa huruma. Nilipata mgeni mmoja wa Rio, mama mtu mzima. Akanitazama nikiponda, akanyanyua kidole kama mwalimu. Nilipofika kwenye vodka akafumba macho. Nilipochomeka kijiti cha asali akacheka mpaka akashika kaunta. Alikunywa mbili lakini.

Kivuko Likoni: Ndugu, na ile ya malaria? Babu alifanya kazi kwenye meli, akisema Wazungu walikuwa wanakunywa kinga.

Mchi na Ndimu: Kivuko, babu hakukosea, ni gilasi tofauti tu. Hiyo ni jini na toniki. (Jini ya chupa, si yule wa pangoni.) Toniki ilitiwa kwinini, na kwinini ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria. Waingereza wa India waliichanganya na sukari, maji na jini ili imezeke. Toniki ya leo kwinini yake ni ya ladha tu, usiitegemee ukiumwa, nenda kapimwe. Jamaa wa Nairobi alichanganya habari mbili zikawa moja.

Bint Kuze: Assalam aleikum. Miye sinywi na sitokunywa, lakini kusoma historia si haramu. Nina suala. Kwetu dawa ni tangawizi iliyopondwa, ndimu, asali na maji moto. Mtoto akikohoa, hiyo. Mkubwa akipiga chafya, hiyo. Siku hizi hata mikahawa ya Nairobi yaiuza kwenye kikombe kikubwa, imeandikwa "dawa" kwenye menyu. Sasa nyinyi watu wa kaunta jina mwalipata wapi kama si jikoni kwetu? Yule jamaa wetu mwamcheka bure. Mabibi hawakuijua vodka, ni kweli, lakini vilivyobaki vyote gilasini walivijua.

Mchi na Ndimu: Wa aleikum salaam dada yangu. Umenishika. Kweli, nilimcheka haraka. Ukiondoa toti mbili, kilichobaki ni sinia la jikoni kwa bibi. Nitampa ofa ya soda akirudi.

Na umenifungulia mlango wa sehemu niliyokuwa naihifadhi. Subirini nichaji simu.

Mchi na Ndimu:

Haya. Mwaka 1498.

Vasco da Gama alitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili mwaka huo. Watu wake walikuwa wameugua vibaya kabla ya kufika huku, mikono na miguu kuvimba, fizi kupanda juu ya meno mpaka wakashindwa kula. Kiseyeye hicho. Miezi ya baharini bila tunda wala mboga. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, na pamoja na kondoo machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Baharia mmoja aliyekuwa akiandika habari za safari ile alieleza kwamba walipofika mji huu wagonjwa wao wote walipona. Na unajua alisifu nini? Hewa! Hewa ya Mombasa nzuri sana. Malimau kayala, shukrani kaipa hewa.

(Baada ya siku chache walikosana. Usiku watu waliogelea hadi kwenye meli zile wakijaribu kukata kamba za nanga, Mreno akang'oa akaelekea Malindi. Ni hadithi nyingine, tena wakarudi kwa ubaya zaidi, na Ngome ya Yesu ikaja kusimama pale.)

Lakini nitazamieni tarehe. 1498. Wareno wa Cabral waliiona Brazil kwa mara ya kwanza Aprili 1500. Kwa hiyo malimau na miwa vilikuwa vimekaa kwenye sinia moja hapa Mombasa, vimetolewa kwa wageni kama heshima, na vikawaponya, miaka miwili kabla Mreno hajakanyaga Brazil. Hakukuwa na muwa Brazil siku hiyo. Hakukuwa na ndimu. Vyote vilitoka upande huu wa dunia: ndimu asili yake Asia ya Kusini-Mashariki, ikasambazwa na Waarabu na watu wa majahazi, muwa kutoka Guinea Mpya, ukapita India. Columbus ndiye aliyevusha mbegu za michungwa na miwa kwenda Karibea katika safari yake ya pili, mwaka 1493.

Sisemi kaipirinya ilizaliwa Mombasa, msije mkanibebea bango. Nasema yule mama wa Rio aliyenicheka, ndimu yake na sukari yake zilisafiri kutoka bahari hii.

Waingereza nao walichelewa kuelewa. Mwaka 1747 daktari wao wa meli, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye wawili wawili, kila jozi akaipa tiba yake. Waliokula machungwa na malimau wakainuka upesi kuliko wote. Jeshi lao la majini likaja kuagiza maji ya limau rasmi mwaka 1795. Karibu miaka hamsini! Lakini kabla ya Lind, mwaka 1740, Amiri Edward Vernon alishachoka na mabaharia kulewa ramu, akaamuru ichanganywe na maji, kiasi kimoja cha ramu kwa vinne vya maji, na anayetaka ladha ajinunulie sukari na ndimu atie humo. Ramu, ndimu, sukari. Tia barafu badala ya yale maji yote na umefika kwenye daiquiri ya Cuba, anayotajiwa Mmarekani wa migodini, Jennings Cox, mwishoni mwa karne ya 19. Ukoo ni mmoja: kitu kikali, kitu kichachu, kitu kitamu. Dawa ni mjukuu.

Mgema wa Rabai: Mkuu umepiga mbali lakini umeruka nyumba ya jirani. Kabla ya ramu mabaharia wa bahari hii walikuwa na araki. Neno la Kiarabu, maana yake jasho, kwa sababu pombe inayokenekwa hutona kama jasho. India na Goa walikeneka tembo la mnazi likawa araki, wakatia sukari, ndimu, maji na viungo. Vitu vitano. Uliza duka lolote la Wahindi pale Biashara Street tano ni nini, watakwambia panch. Wengi wanasema ndipo Waingereza walipopata jina la kile kinywaji cha bakuli wanachoita panchi, na neno hilo kwenye maandishi yao linaonekana mwaka 1632, kwenye barua ya mtu wa ile Kampuni ya India Mashariki. Kwa hiyo kabla ya kaipirinya, kabla ya Vernon, kuna nazi.

Sisi Rabai hatukeneki, twanywa mnazi vile ulivyoshuka. Asubuhi mtamu, jioni una meno.

Mchi na Ndimu: Mgema nakuvulia kofia. Hiyo ya jasho sikuijua, na nimemimina araki mara ngapi.

Bint Kuze: Na miye niongeze la lugha kidogo. Neno "limau" wataalamu hulihesabu miongoni mwa maneno tuliyopata kwa Wareno, pamoja na meza na leso. Yaani twaliwapa tunda, wakatuachia neno.

Tuktuk ya Bamburi: Bint Kuze kamaliza kazi 😂

Lakini mimi sijaridhika. Vodka ya Warusi na Wapolandi. Mapishi ya Mbrazil. Jina lilivumia Nairobi. Asali yenyewe mnanunua ya Kitui. Sasa Mombasa ina nini hapo mpaka uzi uwe mrefu hivi? Tukubali ni kaipirinya imevaa kanga.

Mchi na Ndimu: Tuktuk, kanga yenyewe kitambaa chake kilitoka nje na hakuna anayesema si yetu. Vaa, funga, andika jina juu, imekuwa yako.

Halafu kuna ndimu, na hili nalisema kama fundi. Wabrazil wanatumia ile kubwa isiyo na kokwa, yenye maji mengi na ukali wa kiasi. Yetu ndogo, ganda jembamba, uchachu wake unakuamsha. Ukichukua kipimo cha Brazil, toti mbili, ndimu moja, vijiko vinne vya sukari, ukakifuata hapa kwa ndimu yetu, haiji. Lazima uhesabu upya. Asali nayo si sukari ya rangi. Ina harufu yake, ina uzito, inabaki kooni baada ya baridi kupita. Asali ya Kitui iliyokolea hata huhitaji kijiko cha sukari. Mtu aliyekalia kaipirinya maisha yake akionja dawa iliyopondwa vizuri hasemi "hii ni ile ile". Yule mama hakusema.

Na afadhali nitoe dukuduku maana ndilo lililonifanya niandike. Kuna hoteli niliyofanya kazi, siitaji, meneja mpya aliingia na hesabu zake. Ndimu mbichi zinaoza, asema. Kuponda kunachelewesha, asema. Akaleta maji ya ndimu ya chupa, yale ya kijani kibichi kama ya kufulia, na asali ikawa shira ya sukari iliyotiwa rangi. Kijiti kikabaki kama pambo. Kijiti kikavu! Wiki ya pili mzee mmoja mgeni, mteja wa miaka, alionja akanirudishia gilasi taratibu, akaniuliza, "Kijana, unaumwa?" Nilitamani ardhi ipasuke. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini pale mgema hata hakusifiwa, aliwekewa meneja.

Mgema wa Rabai: 😂😂 Usitutie sisi kwenye hayo. Methali hiyo walituonea.

Kivuko Likoni: Bro, na kama mtu hanywi kileo kabisa lakini ataka ile ya kijiti? Shemeji yangu ana harusi, wageni wengi hawanywi, na anataka kitu cha kuonekana.

Mchi na Ndimu: Swali zuri. Ponda ndimu vilevile, usibadilishe kitu. Ongeza kipande cha tangawizi mbichi kama kidole gumba, uponde pamoja. Barafu. Badala ya vodka tia maji ya soda yenye mapovu, au madafu kama yapo, lakini madafu yawe ya siku hiyo hiyo, yakilala yanaharibu kila kitu. Kijiti cha asali juu. Usiiandae mapema kwa wageni mia, ganda la ndimu likikaa majini muda mrefu linatoa uchungu. Weka vijana watatu wenye michi, waponde papo hapo, watu wapate na cha kutazama.

Niliwahi kumtengenezea ami yangu hii, Idd iliyopita, nyumbani kwake Majengo. Ni mtu wa msikiti, kazi yangu haijui vizuri, au anaijua na hataji. Nilimwambia tu, ami, hii ni dawa. Akaishika gilasi akaizungusha, akakitazama kijiti, akauliza kama mti wake ni safi. Akakoroga mara tatu. Akanywa kidogo, akanyamaza, akanywa tena.

"Ndimu umeipata Kongowea?"

Nikamwambia Marikiti.

"Kongowea ni bora," akasema. "Na asali imezidi."

Bint Kuze: Ami yako yuwajua.

Mchi na Ndimu: Alimaliza gilasi, dada. Halafu akakiramba kijiti akidhani simwoni.